Wii U: Bei ilishuka, mnunuzi akabaki na swali lile lile

Juni 2011, katika maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, Nintendo ilitangaza mashine itakayorithi nafasi ya Wii. Filamu fupi iliyoonyeshwa ilimfuata kijana aliyeshika padi pana yenye skrini katikati. Anacheza gemu kwenye runinga, mwenzake anaingia sebuleni anataka kutazama besiboli, naye bila ugomvi anauhamishia mchezo kwenye skrini ya mkononi na kuendelea pale pale alipoishia. Padi ndiyo iliyotawala filamu hiyo. Mashine yenyewe, kile kisanduku kinachokaa chini ya runinga, ilipita pembeni kama pambo la kabati. Wengi waliofuatilia tangazo, wakiwamo waandishi ambao kazi yao ni kuripoti habari za gemu, waliulizana: hiki ni kifaa kipya, au ni nyongeza ya Wii tuliyonayo nyumbani? Muda mfupi baadaye Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, alikiri kwamba ingefaa waonyeshe kwanza picha ya mashine, ndipo waanze kuieleza padi.

Swali hilo halikupata jibu kwa wakati. Wii U iliuzwa kuanzia mwisho wa 2012 hadi ilipoacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2017, na hesabu za kampuni zinaonyesha kwamba zilitoka mashine milioni 13.56 dunia nzima. Wii iliyotangulia iliuzwa milioni 101.63. Kwa kila watu wanane hivi waliokuwa na Wii, mmoja tu ndiye aliyevuka. Katika biashara ya konsoli ni nadra kuona kampuni moja ikipoteza wateja wengi kiasi hicho kati ya kizazi kimoja na kinachofuata, na tangu hapo maelezo mepesi yamekuwa kwamba ilikuwa ghali na Nintendo ikachelewa kushusha bei. Maelezo hayo hayatoshi. Bei ya Wii U ilishuka, na hali ikabaki ile ile. Kilichokosekana ni sababu ya kununua iliyosemwa wazi, na hakuna punguzo linaloweza kuziba pengo hilo.

Jina lililoificha mashine

Wii ya 2006 iliuzwa Marekani kwa dola 249.99 pamoja na gemu ya Wii Sports ndani ya boksi. Ilinunuliwa na kina mama, wazee na familia ambazo hazikuwahi kumiliki konsoli, kwa sababu mtu alimwona jirani akirusha mkono kama anayecheza tenisi akaelewa papo hapo. Baada ya hapo Nintendo iliwauzia wateja hao hao vifaa vya nyongeza mwaka hadi mwaka: ubao wa kupimia uzito na kufanyia mazoezi, kiongezi cha kuchomeka kwenye rimoti, usukani wa plastiki. Kila kimoja kilibeba neno Wii kwenye boksi. Mteja wa kawaida alifundishwa kwa miaka sita kwamba neno Wii likifuatwa na neno jingine ni kitu cha kuongezea kwenye mashine aliyonayo. Kisha ikaja Wii U, boksi lake likiwa na picha kubwa ya padi, na rimoti za zamani zikifanya kazi nayo kama kawaida.

Mkanganyiko huo haukuwa wa kinadharia tu. Mwaka 2013 Iwata aliwaeleza wanahisa na waandishi kwamba bado kulikuwa na watu waliodhani Wii U ni Wii ile ile iliyoongezewa padi. Kampuni ikalazimika kutuma ujumbe kwenye mashine za Wii zilizounganishwa na intaneti kuwaeleza wenye nazo kwamba Wii U ni kifaa kipya kabisa. Hata hivyo, katikati ya Novemba 2013, msimu wa manunuzi ya Krismasi ukikaribia, Nintendo hiyo hiyo iliingiza katika maduka ya Marekani Wii Mini, toleo dogo jekundu na jeusi la Wii ya zamani, kwa dola 99.99 pamoja na gemu ya Mario Kart Wii. Mzazi asiyefuatilia habari za gemu alikuta majina mawili yanayofanana, padi mbili tofauti, Mario pande zote mbili, na tofauti ya dola 200. Sioni kwa nini angelipa hizo dola 200 bila mtu wa kumwambia anazilipia nini.

> Mteja alifundishwa kwa miaka sita kwamba neno Wii likifuatwa na neno jingine ni nyongeza ya mashine aliyonayo.

Bei ya kuanzia

Wii U iliingia Marekani tarehe 18 Novemba 2012 kwa vifurushi viwili. Cha kwanza, cheupe, kilikuwa na hifadhi ya GB 8 kwa dola 299.99. Cha pili, cheusi, kilikuwa na GB 32 na gemu ya Nintendo Land kwa dola 349.99. Ukikitazama kile cha bei nafuu kwa karibu unaona kilivyokuwa kibaya: programu za mfumo zikishachukua nafasi yao, mnunuzi alibakiwa na takriban GB 3 tu za kuhifadhia gemu alizopakua. Na siku ya kwanza, kabla hawajacheza lolote, wengi walisubiri saa nzima au zaidi sasisho la mfumo likishuka. Kifurushi hicho kiliwekwa ili tangazo lisome dola 299. Wanunuzi waliokijua walikikwepa, na kabla ya mwaka kuisha Nintendo yenyewe ikakiondoa sokoni Marekani.

Upande wa kampuni nao ulikuwa na machungu yake. Mashine ilikuwa ikiuzwa chini ya gharama ya kuitengeneza, jambo ambalo Nintendo haikulizoea. Reggie Fils-Aimé, aliyekuwa mkuu wa Nintendo nchini Marekani, alieleza wakati huo kwamba mteja akinunua gemu moja tu pamoja na mashine, hasara inafutika. Hesabu hiyo inasimama ikiwa zipo gemu za kununua. Miezi ya mwanzo ya 2013 hazikuwapo. Rayman Legends, iliyosubiriwa Februari kwa ajili ya Wii U peke yake, iliahirishwa na watengenezaji wake, Ubisoft, hadi Septemba ili itoke kwenye mashine zote kwa pamoja. Pikmin 3 ya Nintendo wenyewe ilisogea hadi katikati ya mwaka. Wakuu wa kampuni walikiri kwamba hawakukadiria vyema ni watu wangapi wanaohitajika kutengeneza gemu za picha zenye ubora wa juu, kazi ambayo washindani wao walikwisha kuizoea tangu 2005 na 2006.

Kambi mbili

Katika robo ya Aprili hadi Juni 2013 ziliuzwa Wii U 160,000 dunia nzima. Nchini Uingereza, mtandao wa maduka makubwa ya Asda uliamua kutoendelea kuziweka rafuni. Hapo mjadala ukagawanyika pande mbili. Wauzaji na wachambuzi wengi wa soko walisema bei ishuke haraka kabla PlayStation 4 na Xbox One hazijatoka mwezi Novemba. Iwata alishikilia kwamba tatizo ni uhaba wa gemu, na kwamba zikitoka mashine itasogea.

Kila upande ulikuwa na ukweli wake, lakini wote wawili waliruka hatua moja. Baadhi ya watengenezaji wa gemu wa nje walikwisha kuanza kuondoka kabla ya bei kujadiliwa. Juni 2011 John Riccitiello, aliyekuwa mkuu wa EA, kampuni iliyotengeneza gemu za FIFA, alipanda jukwaa la Nintendo kuahidi ushirikiano usio na kifani. Matokeo yake ni kwamba FIFA 13 ilikuwa FIFA ya kwanza na ya mwisho kwenye Wii U. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kulipima jambo hili vizuri kuliko mchambuzi wa New York, kwa sababu katika vibanda vya gemu ambako kijana hulipia mechi, mashine isiyo na FIFA mpya si mashine. Msimu uliofuata FIFA 14 ilitoka hata kwa PlayStation 2, kifaa cha mwaka 2000, na hata kwa Wii ya zamani. Wii U, iliyokuwa haijatimiza mwaka, ikaachwa. EA haikuitazama bei ya mashine ilipoamua hivyo. Ilitazama mauzo ya FIFA 13 kwenye mashine hiyo.

Dola 50

Tarehe 20 Septemba 2013 bei ya kifurushi cheusi ilishushwa Marekani kutoka dola 349.99 hadi 299.99. Kilichofuata ni kipimo ambacho hata mtafiti angetamani kukipanga. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ziliuzwa Wii U milioni 1.95. PlayStation 4, iliyouzwa dola 399, yaani dola 100 zaidi, ilianza kuuzwa 15 Novemba na hadi kufikia 28 Desemba wateja milioni 4.2 walikuwa wameichukua. Xbox One ilikuwa dola 499, dola 200 zaidi, ikaingia sokoni wiki moja baadaye. Nayo ilifikia milioni 3 kabla ya mwaka kuisha. Mashine nafuu kuliko zote, iliyokwisha kukaa sokoni mwaka mzima na iliyotoka kupunguzwa bei, ilishindwa na mbili za gharama katika wiki sita.

Atakayesema kwamba PlayStation 4 na Xbox One zilikuwa na nguvu zaidi atakuwa anasema kweli, na atakuwa anaikubali hoja yangu. Mnunuzi alijua tofauti yake ni nini na akaona inastahili dola 100 au 200. Tarehe 17 Januari 2014 Nintendo ilishusha makadirio yake ya mauzo ya Wii U ya mwaka huo wa fedha kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8. Zikauzwa milioni 2.72. Iwata alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano, wakurugenzi wenzake Shigeru Miyamoto na Genyo Takeda wakakatwa asilimia 30, na mwaka huo ukafungwa kwa hasara ya uendeshaji ya yen bilioni 46.4, ya tatu mfululizo.

Lakini 3DS iliokolewa na bei

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya Nintendo yenyewe. Nintendo 3DS, mashine ya mkononi, ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 249.99 na ikadorora: katika robo ya Aprili hadi Juni ziliuzwa 710,000. Tarehe 28 Julai kampuni ikatangaza kushusha bei hadi dola 169.99, karibu theluthi nzima, na Japani kutoka yen 25,000 hadi 15,000. Iwata aliwaandikia wateja wa mwanzo kuwaomba radhi na akawapa gemu 20 za zamani bure. Mauzo yakapaa, na 3DS ikafikia milioni 75.94 maishani mwake. Kwa nini basi dawa iliyoponya moja isiiponye nyingine?

Jibu la kwanza liko kwenye kalenda. Punguzo la Agosti 2011 lilifuatwa na Super Mario 3D Land mwezi Novemba na Mario Kart 7 mwezi Desemba, na kila moja ya gemu hizo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 10. Bei ilimleta mtu dukani, gemu ikampa la kuchukua. Kwa Wii U, Mario Kart 8 ilikuja Mei 2014, miezi minane baada ya punguzo, na Super Smash Bros. Novemba mwaka huo. Jibu la pili ni ukubwa wa punguzo. Theluthi ya bei hubadilisha hesabu za mzazi mwenye watoto wawili. Dola 50 kati ya 350 humsaidia aliyekwisha kuamua. La tatu ni gharama yake: mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012, wa punguzo lile la 3DS, Nintendo ilipata hasara halisi ya yen bilioni 43.2. Kampuni iliyotoka kulipa kiasi hicho haikuwa na nguvu ya kurudia jambo lile lile miaka miwili baadaye kwa mashine ambayo tayari ilikuwa ikiuzwa chini ya gharama.

Kuna ushahidi mwingine ambao watetezi wa bei huupita haraka. Baada ya Septemba 2013 Nintendo haikushusha tena bei rasmi ya Wii U Marekani. Mwaka wa fedha wenye punguzo uliuza milioni 2.72. Uliofuata, wa Mario Kart 8 na Super Smash Bros., uliuza milioni 3.38, na kampuni ikarudi kwenye faida ya uendeshaji. Mwaka wa gemu ya Splatoon uliuza milioni 3.26. Hizi si namba za kujivunia, ila zinaonyesha wazi kipi kilisukuma zaidi.

> Mwaka wenye punguzo uliuza milioni 2.72. Mwaka wenye Mario Kart 8, bila punguzo jipya, ukauza milioni 3.38.

Kwa nini padi haikung'olewa

Walikuwapo waliopendekeza njia kali: ondoeni ile padi yenye skrini, uzeni mashine na padi ya kawaida kwa bei ya chini kabisa. Mfano wa karibu ulikuwapo. Juni 2014 Microsoft ilianza kuuza Xbox One bila kamera ya Kinect kwa dola 399, na ikasema mauzo ya Marekani ya mwezi huo yalizidi mara mbili yale ya Mei. Nintendo yenyewe ilikuwa imetoa 2DS kwa dola 129.99 mwezi Oktoba 2013, ikiwa ni 3DS isiyo na picha za 3D, yaani imeondolewa kile kilichoipa jina.

Kwa Wii U Nintendo ilikataa, na nadhani ilikataa kwa sababu sahihi ambayo haikuifikisha mwisho. Bila padi ile, Wii U ingebaki mashine yenye nguvu ndogo kuliko washindani wake na isiyo na FIFA. Padi ndiyo iliyokuwa hoja yake pekee. Tatizo ni kwamba gemu zake kubwa ziliitumia kidogo mno: Super Mario 3D World ya 2013 na Mario Kart 8 unaweza kuzimaliza bila kuitazama skrini ya mkononi. Iwata alikiri Januari 2014 kwamba hawakufaulu kuwaonyesha watu thamani ya padi, na akaahidi gemu zitakazoionyesha. Star Fox Zero, iliyojengwa juu yake, ilifika Aprili 2016, mashine ikiwa inakaribia kuzimwa. Kampuni ilimtoza mteja gharama ya skrini ya pili huku gemu zake nyingi kubwa zikiihitaji kidogo. Hapo mteja aliyekataa alikuwa na haki, na aliyekubali alidhulumiwa. Huyo wa pili ndiye anayesahauliwa katika mijadala ya namba. Duka la mtandaoni la Wii U lilifungwa Machi 2023, na huduma ya kucheza kupitia intaneti ikazimwa Aprili 2024.

Kizuri hakikujiuza

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wii U inaupinga msemo huo kwa ushahidi wa namba. Mario Kart 8 iliuzwa nakala milioni 8.46 kwenye Wii U, yaani takriban wenye mashine sita kati ya kila kumi waliinunua. Gemu ile ile, ikiongezewa vitu vichache na kuitwa Mario Kart 8 Deluxe, ilitoka kwenye Nintendo Switch Aprili 2017 na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 60. Ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Haikujiuza mpaka ilipowekwa kwenye mashine iliyoeleweka.

Na Switch ilikuja kwa bei gani? Dola 299.99, bei ile ile ambayo Wii U ilikuwa ikiuzwa tangu Septemba 2013. Filamu ya kuitambulisha ya Oktoba 2016 ilionyesha mtu akicheza kwenye runinga, akiichomoa mashine kwenye kitako chake na kuondoka nayo kuendelea kucheza nje. Wazo ni lile lile la kijana na mwenzake wa besiboli, ila safari hii unayemwona ameshika ameishika mashine yenyewe, na jina lake halifanani na la mwingine. Nayo haikuwa na nguvu za PlayStation 4, jambo linalowajibu wanaosema Wii U iliangushwa na udhaifu wa vipuri vyake. Kufikia mwisho wa Desemba 2017, miezi kumi tu sokoni, ziliuzwa Switch milioni 14.86. Zilikuwa zimeipita Wii U ya maisha yote.

Xbox inauza nini?

Leo mashine iliyo taabani ni Xbox, na inapita njia ya kinyume. Badala ya kushuka, bei imepanda: Xbox Series X iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 499.99 ilifikishwa Marekani dola 599.99 Mei 2025, kisha 649.99 Oktoba mwaka huo. Katika robo iliyoishia Septemba 2025 Microsoft iliripoti kwamba mapato ya mashine za Xbox yameshuka kwa asilimia 29. Wengi wanalaumu bei, na ongezeko la dola 150 kwa kifaa cha miaka mitano ni kubwa, sina sababu ya kulitetea.

Ila itazame bei hiyo pamoja na kampeni iliyoitangulia. Novemba 2024 Microsoft ilizindua matangazo yaliyosema kwamba simu yako ni Xbox, kompyuta yako ni Xbox, runinga yako ni Xbox. Gemu ya Microsoft yenyewe, Forza Horizon 5, ikatoka kwenye PlayStation 5 Aprili 2025, na Oktoba mwaka huo ikatangazwa kwamba Halo, gemu iliyoijenga Xbox ya kwanza, nayo itafika huko mwaka 2026. Kwa kampuni inayouza gemu na huduma za kulipia kwa mwezi, mpango huo unaweza kuwa na faida, na watetezi wake wana haki ya kusema kwamba mauzo ya visanduku si kipimo pekee. Lakini Microsoft imesema pia inatengeneza konsoli ya kizazi kijacho ikishirikiana na AMD, kampuni ya kutengeneza chipu. Kuna siku itapandishwa jukwaani na kutajiwa bei, mbele ya mnunuzi aliyekwisha kuambiwa kwa matangazo ya kulipiwa kwamba hahitaji kuwa na mashine hiyo. Ikiwa gemu zake zote zitakuwa zinapatikana kwenye PlayStation na kwenye kompyuta aliyonayo, basi hata ikitajwa kwa dola 299 muuzaji wa duka atakuwa na kazi ngumu ya kumweleza anachokosa kwa kutoinunua. Microsoft ina nafasi ya kuliandaa jibu hilo sasa, kabla bei haijaandikwa kwenye boksi.